Mbuzi wa Panda: Betri Zilizoanikwa Juani

Kalamu ilikuwa bado hewani.

Ndiyo, pale pale tulipoiacha: upana wa kidole juu ya karatasi, mkononi mwa Papa Constantin, ndani ya ukumbi wa parokia kule mtaa wa Panda, Jumamosi saa nne asubuhi. Na kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungia samaki wa ziwa Tshangalele kabla hujalisoma, shika haya mbio mbio, maana sitarudia.

Kuna sahani moja ya muziki wa soul, ilirekodiwa hapa hapa Likasi mwaka 1976. Mwimbaji aliandikwa Docteur Kilio, basi, kwa sababu miaka ile majina ya ubatizo yalikatazwa na kila mtu alijipachika lake. Likasi ikaisikiliza sahani ile, ikacheka mpaka ikashika mbavu, ikasema: hii si sauti ya mtu, ni ya mbuzi. Nakala zikaishia kufunikia ndoo za maji.

Sasa, karibu miaka hamsini baadaye, nyumba moja ya muziki ya Bruxelles imeitoa upya, na Wazungu wanailia machozi kama msiba wa mjomba. Wanamtafuta Docteur Kilio. Wamemtuma Jean-Luc, mjukuu wa mtu wa mtaa wa Kikula, aliyezaliwa huko huko, mwenye nywele ndefu na Kiswahili kifupi. Atakayetia saini karatasi ile, jina lake na picha yake vitapigwa nyuma ya toleo la pili, na toleo la pili linakwenda mtamboni leo.

Na Papa Constantin, mkuu wa kwaya, ametoka kuimba kwa sauti yake nyembamba. Jean-Luc amelia. Kalamu imetolewa.

Mwenye sauti yenyewe, Papa Osée, ameketi benchi la nyuma, kofia juu ya magoti, kama mtu anayengoja daktari wa meno.

"Acha hiyo bic!"

Sauti ilitoka mlangoni. Vichwa mia viligeuka. Mama Philomène, mke wa Osée, alikuwa amesimama na kikapu chake cha soko kichwani, jasho linamtiririka, na ulimi umeshanolewa. Ni ulimi ule ule uliowahi kumrudisha mkaguzi wa soko nyumbani bila kofia.

"Mama Philo," Constantin akasema kwa upole wa padri, "ikala chini. Tuko mu kazi ya bantu bakubwa."

"Bantu bakubwa wapi? Mi naona paka weye tu na rangi yako ya viatu ku nywele."

Ukumbi ukacheka. Constantin akajishika kichwa, kisha akajuta kujishika.

"Monsieur Jean-Luc," akasema, "usimusikie. Ni muuza samaki."

"Ndiyo, niko muuza samaki. Njo maana naijua yenye kuoza hata kama unaipaka chumvi." Mama Philo akatua kikapu katikati ya ukumbi, *pu!* "Mutoto, ona ile foto ku disque. Nani iko mbele?"

Jean-Luc akaishika sahani yake, iliyovikwa plastiki kama hostia. "Ni Papa Constantin. C'est clair."

"Iko mbele juu ya sababu gani?"

"Juu... ni ye njo chanteur, mwimbaji?"

"Ni ye njo alikuwa na pantalon! Patte d'éléphant, pana huku chini, moja tu mu Panda nzima. Photographe akasema, wa pantalon asimame mbele. Ku muziki alikuwa anatikisa nini? Waulize! Chupa ya changarawe!"

Wazee watatu wa benchi la pili wakatazama viatu vyao. Walikuwa wanajua. Watu wa Likasi wanajua mambo mengi, ila huwa wanangoja mtu mwingine ayaseme kwanza.

Constantin hakutikisika. Mtu aliyetikisa chupa miaka miwili hatikisiki ovyo.

"Alors," akasema, akitabasamu, "kama ni Osée njo aliimba, aimbe. Ukumbi ni huu. Masikio ni haya."

Huo ndio mtego, msomaji wangu. Na Mama Philo aliuona. Akauingia hivyo hivyo, miguu yote miwili.

"Papa Osée, simama."

"Philo, twende nyumbani."

"Nyumbani kuko nini? Kuko paka kuku tu."

"Mi niliacha kuimba, unajua."

"Najua. Na bantu hawa njo walikuachisha. Simama mbele yabo."

Osée akasimama polepole, kwa awamu, kama mtu anayenyanyua mfuko wa makaa. Umri miaka sabini na miwili. Miaka thelathini alikuwa fundi wa umeme kiwandani, akitengeneza mota za watu wengine. Akaweka kofia juu ya benchi. Akafunga macho.

Akaimba.

Sauti ilianzia chini ya benchi. Ilitembea ardhini, ikapanda kwa nyayo za watu, ikatingisha vioo vya dirisha. Nzito, nyeusi, pana: pipa tupu likibingirika kilima cha Kambove.

Alifika mstari wa pili tu.

"Yesu!" akapiga kelele Mama Germaine wa kwaya. "Camion ya mine inapanda!"

Lori la mgodi! Ukumbi ukapasuka. Watu walipigana makofi mgongoni. Mtoto mmoja akaanza kulia. Constantin peke yake hakucheka. Alitikisa kichwa kwa huruma, na huruma ya adui, mnaijua wenyewe, inauma kuliko kiboko.

Osée akafumbua macho. Akachukua kofia.

"Papa, pole," Jean-Luc akasema, akimshika mkono kwa vidole viwili. "Ni voix nzuri. Mais si ile. Sikia vile imeandikwa." Akageuza mfuko wa sahani, akasoma Kifaransa chake taratibu, akitafsiri kwa ajili ya akina mama: "'Sauti nyembamba kama uzi wa fedha, ambayo mwishoni mwa kila wimbo inapaa, inapaa, mpaka inagusa kiti cha Mungu. Na mwisho wa upande wa pili, kupitia dirisha lililoachwa wazi, anaingia ndege wa Katanga, analia mara mbili, kana kwamba anaitika.'"

"Nani aliandika hivyo?" Mama Philo akauliza.

"Minye mwenyewe," Jean-Luc akasema, kwa haya ya mtu anayengoja kusifiwa.

Mama Philo alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, akarudi tena hadi viatu, akikagua kama kuna mahali amesahau kudharau. Kiti cha Mungu! Mtu amesoma, amepanda ndege, amevuka jangwa na bahari, ili aje kusema upumbavu huu mbele ya watu waliokula chumvi!

"Mutoto," akasema, "ile haikuwa inapanda kwa Mungu. Ni mapile ilikuwa inakufa, ni betri."

Kicheko kikakatika. Osée, aliyekuwa ameshafika mlangoni, akasimama.

"Umesema nini, Philo?"

Hakumjibu. Alikuwa ameinama juu ya kikapu. Akatoa samaki, akamweka kando. Akatoa chumvi. Kisha, kutoka chini kabisa, akatoa redio-kaseti kuukuu, kifuniko kimefungwa kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Ilikuwa zawadi ya arusi yao. Ndiyo iliyorekodi sahani ya Docteur Kilio, ndani ya ukumbi huu huu, siku ambayo umeme ulikatika Panda nzima. Na kaseti yake ndiyo iliyovuka mpaka kwenda Zambia na kurudi imekuwa sahani. Siku hizi inamsomea Mama Philo vifo vya redioni pale sokoni.

"Ndani muko mapile sita," akasema, akiinua juu ili wote waone. "Zimechoka. Asubuhi nimezianika ku bati."

Hapo hakuna aliyehitaji maelezo. Nani Likasi hajafanya? Betri ya redio ikichoka huitupi. Unaianika juani juu ya bati, unaiuma kidogo kwa meno, unaizungusha, nayo inakupa siku mbili za mwisho kama mgonjwa aliyepakwa mafuta matakatifu. Redio inasema kwa uvivu, kama mlevi, lakini inasema.

"Imba, Papa Osée. Tena. Bacheke, baache, weye imba."

"Philo..."

"Nakuomba."

Neno hilo halikuwa limetoka kinywani mwa Mama Philo tangu enzi za marehemu mama yake. Osée akarudi. Mke wake akabonyeza kitufe chekundu. Utepe ukaanza kutembea, polepole, polepole, kama foleni ya ofisini.

Akaimba ubeti mzima:

*Ni moshi tu, mama, ni moshi,*
*cheminée ya kazi inanitoka ku macho,*
*usiulize nani alikufa,*
*ni moshi tu, si weye njo unaniliza.*

Wengine walicheka tena, ila kicheko cha safari hii kilikuwa na mashaka ndani.

Mama Philo akazima. Akazungusha utepe nyuma.

"Sasa natafuta mapile mupya. Yenye nguvu."

Macho yake yakazunguka ukumbi, yakatua juu ya meza, mahali ilipo ile parapanda ya umeme, kipaza sauti cha mkononi, ambayo Constantin huitumia kuwagombeza waimbaji wa alto. Akaikamata. Akafungua tumbo lake.

"Eh! Eh!" Constantin akaruka. "Ile ni mali ya parokia!"

"Na sauti ni mali ya nani?"

Akazitoa betri sita zinazong'aa, akazisukuma ndani ya redio-kaseti, moja, moja, akiwa hana haraka. Akafunga mpira wa tairi. Akabonyeza.

Na mbuzi akalia.

Nyembamba. Ya haraka. Kama uzi, kama kengele, ikikimbizana na maneno yake yenyewe: *ni moshi tu mama ni moshi.* Na kadiri ubeti ulivyokwenda, betri zilivyokuwa zimezidi kufa, ndivyo sauti ilivyozidi kupanda, ikapanda, ikakaribia kiti cha Mungu.

Sahani yenyewe! Docteur Kilio mwenyewe! Yule mbuzi ambaye watoto wa Panda walimlilia Osée nyuma ya mgongo, *mee, mee*, alipokuwa akitoka kazini, mpaka akabadilisha njia. Mpaka akaitundika gitaa. Mpaka akawa mtu wa kuketi nyuma.

Mama Germaine alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili.

"Ni ye," akanong'ona.

Jean-Luc alikuwa amekaa chini sakafuni, nywele zote na yeye.

"Ni dawa," Constantin akasema. "Ni uchawi ya redio."

"Si uchawi," Osée akasema. Alikuwa ameinamia redio, kichwa upande, na uso wake ulikuwa wa kazini. "Wakati ya kurekodi moteri inatembea polepole. Wakati ya kusikiliza inakimbia. Sauti inapanda." Akanyoosha mgongo. "Miaka thelathini natengeneza moteri. Na hii sikuiwaza hata siku moja."

Kisha akamgeukia mkewe.

"Philo. Weye ulijua."

Haya. Hapa ndipo palipokuwa na mwiba, na Mama Philo alikuwa amekuja nao miguuni kutoka sokoni, akikanyaga kila hatua. Kumwokoa mumewe kulikuwa na mlango mmoja tu, na mlango huo ulipita juu ya kichwa chake mwenyewe.

"Nilijua."

"Ile siku nilikutuma mapile mupya."

"Ulinituma."

"Ukaleta."

"Nilileta ya zamani. Nilizianika ku bati, nikazipangusa na mafuta ya nazi zing'ae." Akameza mate. "Na ile feza, nilinunua kitenge."

 Wakati ule alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, bibi arusi wa miezi minne. Kwa miaka karibu hamsini aliidharau Likasi nzima kwa kumcheka mumewe, aliidharau asubuhi, aliidharau mchana, aliidharau Jumapili akitoka komunyo. Na kila siku alijua kwamba aliyemzaa mbuzi yule ni yeye.

"Kitenge gani?" Osée akauliza.

"Ile ya mandege."

"Yenye ulivaa ku mubatizo ya mutoto Aimée?"

"Ile."

Osée akafikiri. 

"Ilikuwa kitenge muzuri," akasema.

Wanawake wakaguna kama njiwa. Mama Germaine akalia waziwazi. Mama Philo mwenyewe alitazama dari, kwa sababu dari haina macho.

Lakini nikuambie jambo, msomaji, kabla hujatoa leso. Mama Philo alikuwa ametubu nusu. Nusu nyingine hakumwambia mume, hakumwambia padri, na alikusudia kuzikwa nayo.

"Bon!" Jean-Luc akainuka, akijipangusa vumbi, macho yanawaka. "Papa Osée, ni weye. C'est incroyable. Unasaini, jina yako inaingia leo. Ila..." Akakuna shingo. "Iko kitu kidogo. Kuko concert. Bruxelles, Paris, Berlin. Bantu banalipa juu ya ile sauti. Ya juu. Na weye, papa, unaona, iko... ya chini."

"Donc?" Osée akauliza. "Kwa hiyo?"

"Donc jina ni yako. Mais ku scène, kule jukwaani, anasimama Papa Constantin. Sawa na mu foto." Akatabasamu, akiamini amegawa nyama kwa haki.

Constantin alikuwa ameshanyoosha kola.

"Minye niko tayari kusaidia," akasema. "Tuko bandugu."

Mama Philo alifungua mdomo, na ndani ya mdomo ule kulikuwa na kila tusi linalojulikana kuanzia Kikula mpaka kituo cha magari ya Lubumbashi. Angewatupia wote wawili: yule mtoto aliyekuja kuchimba makaburi ya watu na kuchagua mifupa inayompendeza, na yule mzee aliyeishi miaka yote kwa mkopo wa suruali moja.

Lakini mumewe akamtangulia.

"Mutoto," Osée akasema, "ile machine yako ya disque, inazunguka ngapi?"

"Pardon?"

"Ku dakika. Inazunguka mara ngapi?"

"Quarante-cinq, papa, arobaini na tano. Tulitoa kwa quarante-cinq, ni kwa qualité."

"Iko na bouton ya trente-trois, ya polepole?"

Jean-Luc akamtazama. Akaitazama mashine yake ndogo juu ya meza, ile ya kubeba mkononi. Kisha mdomo wake ukafunguka polepole, kama mlango wa nyumba ya mtu aliyeamshwa.

"Weka," Osée akasema.

Jean-Luc akaitoa sahani katika plastiki.  Akaiweka upande wa pili, wimbo wa mwisho. Akasukuma kitufe kutoka arobaini na tano hadi thelathini na tatu. Akateremsha sindano.

Sasa nisikilize vizuri.

Tangu mwaka 1976 hakuna binadamu aliyewahi kuisikia sahani hii. Likasi ilimsikia mbuzi ikacheka. Bruxelles ilimsikia malaika ikalia. Zote mbili zilisikia betri zinakufa.

Iliyotoka sasa ilikuwa sauti ya kijana wa miaka ishirini na minne.

Ilikuwa nzito, lakini ilikuwa na unyevu ndani. Haikuwa na haraka. Kinanda cha parokia, kile kilichokuwa kikilia *kwi kwi kwi*, sasa kilipumua kama kifua cha mtu aliyelala. Kijana aliimba juu ya moshi wa kiwanda, juu ya mama anayeuliza, na alipofika *si weye njo unaniliza* aliiacha sauti ishuke mpaka mahali ambapo hakuna ngazi, akakaa huko, peke yake, akangoja.

Hakuna aliyesema camion.

Wale wazee watatu walivua kofia. Mama Germaine aliondoa skafu ya kwaya shingoni, akaikunja mapajani, kana kwamba hakustahili tena kuivaa. Constantin alikuwa amesogea karibu na meza, na uso wake ulikuwa umejaa hesabu.

Na Osée? Osée hakulia. Alisikiliza kama anavyosikiliza mota: kichwa upande, akitafuta kosa.

Hakulipata.

Mama Philo alimwona anavyosimama. Mabega yalikuwa yakirudi mahali pake, moja, kisha la pili, kama vitu vilivyoazimwa vikirudishwa nyumbani. Akasema moyoni: basi, nimelipa, Mungu umeona, nimelipa.

Wimbo ulipokaribia mwisho sauti ilianza tena kupanda. Betri zilizidi kufa, si unakumbuka. Jean-Luc, ambaye sasa alikuwa ameerevuka kwa miaka kumi ndani ya dakika kumi, akaweka ncha ya kidole ukingoni mwa sahani, akaizuia kidogo, kidogo, mpaka sauti ikakaa.

Kinanda kikanyamaza. Sindano ikaendelea, *shh, shh*.

"Na sasa ndege," Jean-Luc akanong'ona, akitabasamu kwa machozi. "Tutajua ni ndege gani."

Ndege!

Mama Philo aligeuka kulitazama dirisha. Alikuwa amesikia neno hilo nusu saa iliyopita, likisomwa kwa Kifaransa mbele yake, *analia mara mbili*, na kwa kiburi chake na dharau yake hakulisikiliza. Alikuwa akitazama nywele za mtoto.

Dirisha lililoachwa wazi. Redio-kaseti juu ya kizingiti cha dirisha. Kitufe chekundu ambacho hakuna aliyekumbuka kukizima mara moja. Na nani alikuwa ameegemea dirisha lile, amevaa suruali moja tu ya namna yake Panda nzima?

"Inatosha," akasema. "Tumesikia. Zima sasa, bantu bana njaa."

"Ngoja," Osée akasema.

Kidole cha Jean-Luc kikabonyeza zaidi ukingo wa sahani. Yule ndege wa Katanga akafungua mdomo, na kwa mwendo huu hakuwa ndege. Alikuwa mwanamume, kijana, akinong'ona karibu sana, akiwa na kicheko kooni:

"*Acha ikufe tu. Usimuambie. Utaona, leo atalia sawa mbuzi.*"

Kila mtu ndani ya ukumbi aliijua sauti ile. Huwa inawagombeza kila Alhamisi mazoezini.

Mbuzi! Kabla sahani haijavuka mpaka, kabla Likasi haijacheka, mtu alikuwa ameshalichonga jina, ameliweka tayari mfukoni mwa suruali yake pana.

Lakini ndege wa Katanga, tuliambiwa, analia mara mbili. Na Constantin alikuwa amesema *usimuambie*. Alikuwa akimwambia nani?

Mikono miwili iliruka kuelekea sindano kwa wakati mmoja. Mmoja ulikuwa wa Constantin.

Mwingine ulikuwa na magamba ya samaki.

Osée aliiona yote miwili. Aliutazama ule wa kwanza bila mshangao, kama unavyotazama mvua ya mwezi wa kumi na mbili. Kisha akautazama wa pili. Alitazama muda mrefu zaidi. Halafu akanyoosha mkono wake wa fundi, akamshika mke wake kifundo cha mkono, taratibu, bila kumuumiza, kama mtu anayeshika waya asioujua kama una umeme.

"Acha, Philo," akasema kwa ile sauti yake ya chini, na safari hii hakuna aliyecheka. "Acha ndege imalize."

Na ndani ya sahani, mwanamke akaanza kucheka.